Nani Aliyeikataa Kadi?

Malipo ya kadi kupitia intaneti hudhaniwa na wengi kuwa tendo moja, yaani mnunuzi anabonyeza kitufe na fedha zinahama kutoka akaunti yake kwenda kwa muuzaji, ilhali kubonyeza kitufe hicho ni kupeleka ombi la idhini, ambalo hupita mikononi mwa taasisi kadhaa kabla ya kurudi na jibu, na karibu kila mojawapo ya taasisi hizo ina uwezo wa kulikwamisha kwa sababu zake yenyewe. Ndiyo maana maneno "kadi imekataliwa", anayoyaona mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwenye kioo cha simu anapolipia tiketi ya ndege, ada ya maombi ya chuo cha nje au programu ya kompyuta, humwambia machache mno, kwa kuwa yanamficha mkataaji. Anayetaka kuitatua hali hiyo hana budi kumtambua kwanza aliyekataa, kwani dawa ya kila mkataaji ni tofauti. Lakini watu wengi huanza kwa kubonyeza tena na tena, na hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuligeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Ombi la idhini ni la zamani kuliko intaneti. Bank of America iliposambaza kadi 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, jimboni California, mwezi Septemba 1958, muuzaji aliyeletewa kadi kwa ununuzi mkubwa alipaswa kupiga simu na kusubiri ruhusa, na katika siku za baadaye wauzaji walipelekewa pia orodha zilizochapishwa za namba za kadi zilizoibwa au kufungwa, wazipekue kabla ya kukabidhi bidhaa. Mpango huo ndio uliozaa mtandao uliopewa jina la Visa mwaka 1976, na tayari mwaka 1973, chini ya uongozi wa Dee Hock, ulikuwa umezindua mfumo wa kompyuta wa kutoa idhini uliopunguza subira ya dakika kadhaa ikawa chini ya dakika moja. Yanayofanyika leo kwa sekunde chache ni mazungumzo yaleyale ya muuzaji kuuliza na benki kujibu, isipokuwa muuzaji wa Fresno alimwona mteja amesimama mbele yake na kadi mkononi, ilhali mtandaoni hakuna anayemwona mwenzake, na sehemu kubwa ya ukaguzi unaozielemea kadi siku hizi umebuniwa ili kufidia upofu huo.

Safari ya ombi ni hii. Mnunuzi anapojaza namba za kadi, tovuti huzikabidhi kwa kampuni inayoshughulikia malipo kwa niaba ya muuzaji, ambayo hapa itaitwa lango la malipo. Lango hulipeleka ombi kwa benki ya muuzaji, na benki hiyo hulipeleka kwenye mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, ambao kwa kusoma tarakimu za mwanzo za namba huitambua benki iliyotoa kadi. Benki hii ya mwisho ndiyo inayotunza akaunti ya mnunuzi, nayo hujibu kwa msimbo, yaani alama fupi, aghalabu ya tarakimu mbili, ambayo maana yake imekubaliwa kimataifa: 00 ni ruhusa, 51 ni salio lisilotosha, 54 ni kadi iliyopitwa na muda, 57 ni aina ya muamala ambayo mwenye kadi hajaruhusiwa kuifanya, 61 ni kiasi kilichovuka ukomo, 41 na 43 ni kadi iliyoripotiwa kupotea au kuibwa, na 91 ni benki isiyopatikana wakati huo. Unaoudhi kuliko yote ni 05, ambao kwa maneno ya kawaida unasema kwamba benki haitaki kuupitisha muamala huo na haielezi kwa nini.

Msimbo hufika kwenye lango la malipo na mara nyingi kwa muuzaji, lakini ni nadra kumfikia mnunuzi, na jambo hilo limekusudiwa. Matapeli hununua orodha ndefu za namba zilizoibwa, kisha huzijaribu moja baada ya nyingine kwa malipo madogo katika tovuti zenye ulinzi hafifu, hivyo tovuti inayomjulisha kila mtu kwamba namba ni sahihi ila tarehe imekosewa inakuwa imewafanyia matapeli nusu ya kazi yao. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa ni vigumu kukana kwamba ukimya huo unawafaa pia wauzaji na benki zisizopenda kujibu maswali, na gharama yake humwangukia mteja mwaminifu.

Hata hivyo mkataaji huacha nyayo. Kigezo bora cha kumjua ni kuuliza kama ombi liliwahi kuifikia benki iliyotoa kadi, na jibu lake hupatikana kwa njia tatu: ujumbe mfupi au taarifa kutoka programu ya benki iliyoingia dakika hiyohiyo, ukurasa wa benki uliofunguka kuomba namba ya uthibitisho, au mhudumu wa benki anayeliona jaribio lenyewe katika kompyuta yake. Mhudumu akisema kwamba haoni chochote, wateja wengi hukata simu kwa hasira wakidhani wamedanganywa, kumbe wamepewa taarifa ya thamani kubwa, kwa sababu ombi ambalo benki haikuliona kwa kawaida limekwama kwenye tovuti, kwenye lango la malipo au njiani, na kuendelea kuisumbua benki hakutafaa kitu.

Ukataaji wa haraka kuliko wote hutokea kabla ombi halijaondoka kwenye tovuti. Namba ya kadi, ambayo kwa Visa na Mastercard huwa na tarakimu 16 na kwa American Express 15, imepangwa kwa utaratibu maalumu: tarakimu 6 hadi 8 za mwanzo huitambulisha benki iliyotoa kadi na aina ya kadi, zinazofuata ni za mteja, na ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi. Kanuni ya ukaguzi huo ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM mzaliwa wa Ujerumani, aliyeiombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960, nayo ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata: kuanzia mwisho wa namba kuelekea kushoto, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa 2, tokeo likizidi 9 hupunguzwa 9, kisha tarakimu zote hujumlishwa, na jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, namba hiyo haiwezi kuwa ya kadi halali. Kanuni hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja, na hunasa pia kupishana kwa tarakimu mbili jirani isipokuwa 0 na 9, hivyo tovuti inayokataa papo hapo, kabla hata ya alama ya kusubiri kuzunguka, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeona kosa la uchapaji. Tarehe ya mwisho nayo huwatatiza wengi: kadi iliyoandikwa mwezi na mwaka fulani hutumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo, na kadi mpya inayotolewa badala yake hubeba tarehe nyingine na tarakimu tatu nyingine za nyuma hata pale namba kubwa inapobaki ileile, kwa hiyo tovuti zilizohifadhi taarifa za zamani huanza kukataliwa bila mteja kukumbuka sababu. Jina la mwenye kadi, kinyume na imani ya wengi, kwa kawaida si jambo ambalo benki hulilinganisha herufi kwa herufi, ingawa muuzaji anaweza kulitazama kwa macho yake mwenyewe.

Tarakimu tatu za nyuma zinastahili maelezo zaidi. Hukokotolewa na benki kutokana na namba ya kadi na tarehe yake kwa kutumia ufunguo wa siri, hazimo katika maandishi ya mbele, na kanuni za usalama za sekta ya kadi zinamkataza muuzaji kuzihifadhi baada ya idhini kutolewa, ili hata ghala lake la kumbukumbu likivunjwa, mwizi azikose. Wakala wa safari au mwenye hoteli anayemwomba mteja apige picha kadi pande zote mbili na kumtumia kwa WhatsApp anaibomoa kinga hiyo kwa mkono wake mwenyewe, hata kama hana nia mbaya, na mteja ana haki ya kumkatalia. Namba ya siri ya kadi, ile inayotumika kwenye mashine ya kutolea fedha, haihitajiki kabisa katika ununuzi wa kawaida wa mtandaoni, na tovuti inayoidai inapaswa kufungwa mara moja.

Ombi likishafika benki, jambo la kwanza kudhaniwa ni ukosefu wa fedha, na wakati mwingine dhana hiyo ni sahihi kwa namna ambayo mteja hakuitarajia. Bei iliyoandikwa kwa dola hubadilishwa kuwa shilingi au faranga kwa kiwango cha mtandao wa kadi, si kile kilichobandikwa kwenye duka la kubadilishia fedha, na benki nyingi huongeza ada yao juu yake. Kwa hiyo aliyeweka kiasi kilekile alichokipata kwa hesabu ya kichwani, bila ziada, hukataliwa kwa upungufu wa shilingi chache. Akaunti inaweza kuwa na kiwango cha chini kisichoguswa, na sehemu ya salio inaweza kuwa imeshikiliwa na muamala wa awali ambao bado haujakamilika. Halafu kuna ukomo wa siku, ambao unaweza kuwa wa kiasi au wa idadi ya miamala, na ambao katika baadhi ya benki umewekwa chini sana kwa ununuzi wa mtandaoni kuliko kwa mashine za dukani, bila mteja kujulishwa siku alipokabidhiwa kadi. Nchi inapoishiwa fedha za kigeni ukomo huo hubanwa kwa wote: nchini Nigeria mwaka 2022 benki kadhaa zilishusha matumizi ya nje ya kadi za naira hadi dola 20 kwa mwezi, na wenye akaunti zilizojaa wakashindwa kulipia huduma ndogo tu.

Kadi nyingine hukataliwa kwa kuwa hazijaruhusiwa kutumika mtandaoni tangu mwanzo. Baadhi ya benki hutoa kadi ikiwa imefungwa kwa ununuzi wa intaneti, na huifungua mteja anapoomba, ama kupitia programu ya simu ama kwa kujaza fomu tawini. Tahadhari hiyo ni ya busara, ila ingefaa zaidi kama ingeandikwa kwenye bahasha ya kadi. Kadi zenye nembo ya mtandao wa ndani pekee, kwa mfano zile za Umoja Switch nchini Tanzania zisizo na nembo ya Visa wala Mastercard, zilikusudiwa mashine za nchini na hazina njia ya kufika kwa muuzaji wa nje. Pia kila muuzaji amepewa namba ya tarakimu 4 inayoonyesha aina ya biashara yake, na benki inaweza kuzuia aina nzima, mfano wa kawaida ukiwa 7995, ambayo ni ya kamari na ubashiri wa michezo.

Hatua ya uthibitisho ndiyo inayowaangusha wengi kuliko wanavyojua. Tangu mwaka 2001, Visa ilipoanzisha utaratibu ambao sasa umeenea kwa mitandao yote mikubwa, muuzaji anaweza kuitaka benki imthibitishe mwenye kadi kabla ya idhini, na benki hufanya hivyo kwa kutuma namba ya kutumika mara moja, ambayo watu wengi huiita OTP, au kwa kumwomba athibitishe ndani ya programu yake. Wauzaji wanaupenda utaratibu huu kwa sababu ya hesabu: muamala wa mtandaoni usiothibitishwa ukija kubainika kuwa wa wizi, hasara kwa kawaida humrudia muuzaji, bali ukiwa umethibitishwa, hasara hiyo huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Namba hiyo hutumwa kwenye laini ya simu iliyoandikwa benki, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mteja aliyebadili laini miaka iliyopita bila kuijulisha benki hataipata kamwe. Mwanafunzi aliyekwenda kusoma Uturuki au India na kuiacha laini yake nyumbani, au akaiacha bila salio hadi mtandao wa simu ukaifunga, yuko katika hali hiyohiyo, na kuirekebisha kwa kawaida humdai mtu afike tawini na kitambulisho, jambo ambalo linapaswa kumalizwa kabla ya safari.

Kuna pia kikwazo cha hatua hii ambacho ni nadra kutajwa katika maelekezo ya benki. Simu zenye kumbukumbu ndogo, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wengi, hufunga ukurasa wa malipo pindi mtumiaji anapouacha kwenda kusoma ujumbe, na anaporudi, ukurasa hujipakia upya, ombi huhesabiwa kuwa limetelekezwa, na jibu linalotokea ni kwamba kadi imekataliwa. Dawa yake ni kuisoma namba katika taarifa inayoshuka juu ya kioo bila kuondoka kwenye ukurasa, au kununua kwa kompyuta huku simu ikiwa pembeni. Kivinjari kinachozuia kurasa zinazojifungua zenyewe nacho kinaweza kuuzuia ukurasa wa benki usionekane kabisa, na mnunuzi akabaki akisubiri namba ambayo hakuna aliyeiomba.

Baada ya uthibitisho huja suala la anwani, na hapa mfumo wa kadi unaonyesha wazi ulikozaliwa. Nchini Marekani, Kanada na Uingereza benki hulinganisha anwani aliyoijaza mnunuzi na ile iliyomo katika kumbukumbu zao, na kinacholinganishwa zaidi ni tarakimu, yaani namba ya nyumba na msimbo wa posta, kwa kuwa majina ya mitaa huandikwa kwa namna nyingi mno. Ukaguzi huo ni mwepesi katika jamii ambayo kila nyumba ina namba na kila barua hufika mlangoni. Katika Afrika Mashariki, ambako kwa vizazi kadhaa anwani ilimaanisha sanduku la posta, tena mara nyingi la mwajiri, shule au parokia, ukaguzi huo hauna cha kushika. Benki isiyoshiriki hujibu kwamba haiwezi kulinganisha, na uamuzi unabaki kwa muuzaji, ambaye anaweza kupuuza au kukataa kulingana na alivyolipanga lango lake. Kenya ina misimbo ya posta ya tarakimu 5, kama 00100 ya Nairobi na 80100 ya Mombasa, na Tanzania, kupitia operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, imezipa nyumba namba na barabara majina, huku kata zikiwa na postikodi za tarakimu 5, hivyo mnunuzi anaweza sasa kujaza sehemu ambazo zamani alizibuni. Anachotakiwa kuhakikisha ni kwamba anwani anayoijaza ndiyo iliyoko benki, kwani mara nyingi benki bado inatunza sanduku la posta la siku akaunti ilipofunguliwa.

Ushauri unaopitishwa miongoni mwa vijana, wa kuchukua anwani yoyote ya Marekani na kuijaza ili tovuti iridhike, hauna budi kukataliwa. Tarakimu za mwanzo za kadi zinamwambia muuzaji kwamba benki iko Arusha au Kisumu, mahali simu inapounganishwa na intaneti panaonyesha jambo hilohilo, na anwani pekee ndiyo inayodai kwamba mnunuzi yuko New York. Mitambo ya kunusa utapeli imetengenezwa mahususi kutafuta hitilafu za namna hii. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia VPN, yaani huduma inayolifanya ombi la intaneti lionekane limetoka nchi nyingine, anafaa kuizima wakati wa kulipa.

Mitambo hiyo, ambayo wauzaji wakubwa huikodi au kujijengea, humpa kila mnunuzi alama ya hatari kwa kutazama kifaa chake, barua pepe yake, saa ya ununuzi, thamani ya bidhaa na nchi ya kadi, na uamuzi wake hautolewi maelezo. Ni haki kusema kwamba nchi za Kiafrika hupimwa humo kwa mizani mizito kuliko nyingine, na mnunuzi mwaminifu hulipia sifa mbaya ya watu asiowajua. Wakati mwingine kizuizi huwa ni kanuni iliyoandikwa waziwazi: ada iitwayo I-901, ambayo mwanafunzi anayekwenda Marekani huilipa kabla ya mahojiano ya viza na ambayo ni dola 350 tangu mwaka 2019, kwa miaka mingi haikuruhusiwa kulipwa kwa kadi na raia wa Kenya, Nigeria, Ghana, Kameruni na Gambia, waliotakiwa kutumia njia nyingine, ilhali majirani zao hawakuwekewa katazo hilo. Mkenya aliyebadilisha kadi tatu kabla ya kusoma maelekezo ya ada hiyo hakuwa na kosa lolote la kurekebisha katika kadi hizo.

Hali inayotia wasiwasi zaidi ni ile ambayo tovuti inasema malipo yameshindikana huku ujumbe wa benki ukisema fedha zimekatwa. Maelezo yake yamo katika tofauti kati ya idhini na malipo yenyewe: benki inapotoa idhini huishikilia fedha ndani ya akaunti ya mteja bila kuitoa, na fedha huhama baadaye, muuzaji anapowasilisha madai yake. Ikiwa benki imetoa ruhusa lakini muuzaji akaukataa muamala kwa sababu ya anwani, tarakimu tatu au alama ya hatari, fedha hubaki imeshikiliwa hadi muuzaji atume ombi la kufuta, na asipotuma, hadi muda wa idhini uishe wenyewe, muda ambao ni wa siku kadhaa na kwa hoteli na magari ya kukodi unaweza kuwa mrefu zaidi. Mteja katika hali hii hajaibiwa, na kukimbilia kulipa mara ya pili kunaweza kumwacha na fedha iliyoshikiliwa mara mbili. Anachofaa kufanya ni kuiomba benki namba ya idhini, kumtumia muuzaji, na kumtaka aiachilie.

Mazungumzo na benki huzaa matunda mteja anapokwenda na maswali yanayojibika. Badala ya kulalamika kwamba kadi haifanyi kazi, ataje saa ya jaribio, kiasi, sarafu na jina la muuzaji, kisha aulize kama jaribio linaonekana, msimbo gani ulitolewa, kama ununuzi wa mtandaoni na wa nje umefunguliwa, ukomo wake wa siku ni kiasi gani, na ni namba gani ya simu iliyoandikwa. Msimbo ukiwa 05, jambo la kuuliza ni kama kitengo cha kudhibiti utapeli kimeiwekea kadi zuio, kwa kuwa mhudumu wa kawaida huenda asilione. Katika mazungumzo hayo hakuna sababu ya mteja kutoa namba ya siri, tarakimu tatu wala OTP, na kwa kuwa matapeli hufungua kurasa za mitandao ya kijamii zenye nembo za benki ili kuwavizia wanaolalamika hadharani, ni salama zaidi kupiga namba iliyochapwa nyuma ya kadi. Benki ikishindwa kutoa jibu, mteja wa Tanzania anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo kanuni zake za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinazitaka taasisi ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, mradi awe ameanza na benki yake.

Wengi wamechoshwa na yote haya na kuhamia kwenye kadi isiyo na plastiki, ambayo ni namba tu ndani ya simu na hujazwa kutoka akaunti ya fedha za simu, kama ile ya M-Pesa iliyozinduliwa na Safaricom pamoja na Visa nchini Kenya mwezi Juni 2022, na nyingine zinazotolewa na kampuni za simu nchini Tanzania. Faida yake kubwa ni kwamba kinachoweza kupotea mikononi mwa tovuti mbovu kina mpaka. Lakini tarakimu zake za mwanzo humjulisha muuzaji kwamba ni kadi ya kujazwa, na hoteli, kampuni za magari ya kukodi na baadhi ya huduma za malipo ya kila mwezi huikataa kwa kuhofia kwamba kesho itakuwa tupu; tena, fedha inayorudishwa na muuzaji hurudi kwenye namba ileile iliyolipia, hivyo anayeifuta kadi baada ya kila ununuzi hujitafutia usumbufu siku atakapodai marejesho.

Kuhusu kurudia, kanuni za mitandao ya kadi zenyewe zimeweka mipaka. Visa haimruhusu muuzaji kurudisha ombi lilelile lililokataliwa zaidi ya mara 15 ndani ya siku 30, na kwa misimbo kama ya kadi iliyoibwa haimruhusu kulirudisha hata mara moja. Benki nazo huhesabu majaribio ya mfululizo kuwa dalili ya tapeli anayebahatisha, na huweza kuifunga kadi ambayo awali haikuwa na tatizo. Jaribio la pili lina maana pale tu kitu kimebadilika kati yake na la kwanza, iwe ni tarakimu iliyosahihishwa, ukomo ulioongezwa au zuio lililoondolewa. Msimbo 91 ndio unaohitaji subira tupu, kwani hutokea mitambo ya benki inapokuwa chini, mara nyingi usiku wakati wa matengenezo, na katika saa hizo mtandao wa kadi unaweza kujibu kwa niaba ya benki kwa kufuata masharti uliyoachiwa, kwa hiyo mteja anayepiga simu usiku huohuo anaweza kuambiwa kwamba hakuna kilichoonekana, na asubuhi, mitambo ikiwa imerudi, jaribio lake likawa limeingia kwenye kumbukumbu na kadi ileile ikakubaliwa.